Kistari si uchafu! Acheni kufuta data za watoto wa watu

Najua nimepotea, lakini mitihani ya mwisho wa semesta haina urafiki na mtu. Sasa nimepumua, na badala ya kuja na umbea wa bwenini kama kawaida yangu, leo nimekuja na ugomvi. Atakayekasirika anisamehe, ila hili limenikaa kooni muda mrefu na lazima nilitoe.

Ugomvi wenyewe ni huu: hapa chuoni tuna ugonjwa wa kufuta alama. Pita vimbwetani jioni uone. Kila laptopu imefunguliwa Excel, maana wa mwaka wa tatu wote wako kwenye data za utafiti. Na kila mtu akikutana na kitu ambacho si namba ndani ya safu ya namba, iwe kistari, kinyota, mabano au herufi, anabonyeza Ctrl+H, anaiandika alama hiyo kwenye nafasi ya juu, chini anaacha patupu au anaweka sifuri, anabadilisha zote kwa mpigo, kwisha kazi. Sekunde tano. Halafu anajinyoosha mgongo na kutangaza, "Data zangu ziko safi."

Safi wapi! Umefuta, hujasafisha. Mama akikutuma ukachague mchele, unakaa na ungo, unaangalia chembe moja moja. Hili jiwe, tupa. Huu mpunga haujakobolewa, weka pembeni. Hii ni chenga lakini bado ni mchele, acha. Ukimwaga kila kisichofanana na mchele mweupe, jioni mtalala njaa na bado utakuwa hujui ulichomwaga. Sisi tunamwaga kila siku na tunaita utafiti.

Nisieleweke vibaya. Sikatai kwamba uchafu upo, tena mwingi. Chukua karani wa stoo ya shule aliyeandika bei ya unga 12,500/= kwenye Excel. Kwa macho yako wewe hiyo ni namba. Kwa Excel hayo ni maneno tu, sawa na kuandika "Asha", ndio maana yanajisogeza kushoto mwa kisanduku wakati namba za kweli zinakaa kulia. Ukijumlisha kwa SUM, Excel hailalamiki, inayaruka kimya kimya. Una mistari ishirini ya bei, kumi na miwili imeandikwa na /=, jumla unayoletewa ni ya ile minane iliyobaki. Hakuna king'ora wala taa nyekundu. Unaipeleka jumla hiyo kwenye ripoti ukiwa na amani moyoni.

Hapo mimi nasema futa bila huruma. Ile /= ni ile ile kila mstari na shilingi tunaijua ni shilingi. Kwenye safu ya pembeni (PEMBENI, sio juu ya data zenyewe!) andika:

=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"/=",""),",",""))

Vuta mpaka chini, umemaliza. Ya ndani inaondoa /=, ya nje inaondoa mkato wa maelfu, VALUE inageuza kilichobaki kuwa namba ya kweli.

Kuna uchafu mwingine hauonekani hata ukimulika na tochi. Ukinakili jedwali kutoka kwenye tovuti, mara nyingi unabeba nafasi tupu ya aina ya peke yake, ile ambayo namba yake ni 160. Watu wanahangaika na TRIM mpaka usiku wa manane, wanaapa kwamba Excel ina mapepo. Haina mapepo, jamani. TRIM inaondoa nafasi ya kawaida, ile namba 32. CLEAN nayo inashughulika na herufi zisizochapika, 0 mpaka 31. Ya 160 haiguswi na yeyote kati ya hizo mbili. Dawa yake ni =VALUE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")), na mapepo yanatoka. Halafu kuna wale waliochapa herufi O badala ya sifuri, 7O badala ya 70. Rekebisha, sawa, lakini chagua safu ya alama kwanza. Ukiachia shiti nzima, JOHN anageuka J0HN na wewe utamtafuta kwenye orodha mpaka kiama.

Huo ndio uchafu mtupu. Una sifa moja ya kuutambulisha: ukiuondoa, hakuna swali linalobaki. Ungekuwa ndio huo tu, nisingeandika leo. Tatizo ni kwamba kundi la pili na la tatu nalo linafyekwa kwa panga hilo hilo.

Kundi la pili ni alama ambazo ni sehemu ya namba yenyewe. Asilimia, kwa mfano. Safu moja ina 45% ambayo Excel imeielewa, kwa hiyo ndani yake imehifadhiwa kama 0.45. Chini yake kuna 45% nyingine iliyoingia kama maneno. Wewe unafuta % kwenye ile ya maneno, inabaki 45. Sasa safu moja ina 0.45 na 45, na zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Wastani wa hapo ni vichekesho.

Mabano je? Mhasibu akiandika (500) anamaanisha hasi 500, na Excel imefundishwa na wahasibu. Ukichapa (43.2) kwenye kisanduku, yenyewe inaandika -43.2 bila kukuuliza. Mkato nao una nchi zake. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa huandika 12,5 wakimaanisha kumi na mbili na nusu. Ukifuta mkato unapata 125, mara kumi zaidi! Na kuna "<5" ambayo maana yake ni chini ya tano, sio tano.

Lakini mwenye balaa kuliko wote ni kistari cha kutoa. Sisi wa ualimu tunapenda utafiti wa kupima kabla na baada: unampima mwanafunzi, unamfundisha kwa mbinu yako mpya, unampima tena, unaangalia amepanda ngapi. Aliyeshuka anakuwa na -5. Sasa Ctrl+H ya kistari haijui tofauti kati ya kistari kilichokaa peke yake na kistari kilicho mbele ya namba. -5 inakuwa 5. Mtoto aliyeshuka amepanda! Mbinu yako mpya imefanya kazi kwa kila mtu! Hongera sana, umegundua dawa ya elimu ya Tanzania kwa kubonyeza vitufe viwili.

(Na ukijaribu kufuta kinyota kwa Ctrl+H, Excel inasoma * kama "chochote kile". Inafuta safu nzima. Lazima uandike ~* ndio ielewe unamaanisha kinyota chenyewe. Alama ya kuuliza nayo vile vile, ~?. Angalau huyu anakuumiza wazi wazi na unarudi nyuma na Ctrl+Z. Wale wengine wanakuumiza kimya kimya.)

Kundi la tatu ndilo lililonifanya niandike. Ni alama ambazo sio namba na hazikuwahi kuwa namba. Ni ujumbe. Mtu alikuwa na kalamu mkononi, akafika mahali pa kuandika namba, akaona namba haitoshi, akaacha alama ili mtu wa baadaye ajue. Mtu wa baadaye ni wewe. Na wewe umemfuta.

Angalia ripoti za utafiti wa afya na idadi ya watu, zile TDHS ambazo nusu ya darasa letu inazitumia kwa takwimu za elimu ya wasichana. Kwenye majedwali yake, kiwango kikiwekwa ndani ya mabano maana yake kimetokana na watu 25 mpaka 49 tu waliohojiwa. Kukiwa na kinyota, waliohojiwa hawakufika 25 na kiwango kimezuiliwa kabisa kwa sababu hakiaminiki. Imeandikwa pale chini ya jedwali. Yaani mabano yanakwambia "nenda polepole na namba hii". Ukiyafuta umegeuza namba ya kushikwa kwa tahadhari kuwa namba ya kujengea sera. Na usipoyafuta ukaichapa kama ilivyo, Excel inakupa asilimia hasi. Yaani wasichana hasi 43.2 kati ya mia wamemaliza sekondari. Kwa vyovyote vile lazima USOME alama, hakuna njia ya mkato.

Au angalia takwimu za Benki ya Dunia. Wanaweka nukta mbili ".." wakimaanisha takwimu haipo. Kwenye majedwali mengi ya Umoja wa Mataifa nukta tatu ni "haipatikani" na kistari ni "hakuna, au kidogo mno". Mambo mawili tofauti kabisa! Moja ni hatujui, jingine ni tunajua na jibu ni sifuri au karibu na sifuri. Anayeweka 0 kwenye vyote viwili ametunga takwimu.

Hata ile /= tunayoitupa ina ukoo wake. Shilingi tuliirithi na mkwaju wake kutoka kwa Waingereza: kushoto shilingi, kulia vile vidogo. Wao waliandika 5/- yaani shilingi tano na peni hakuna. Sisi tunaandika /= pale ambapo senti hakuna. Kwa hiyo kwenye bei kile kistari ni sifuri ya kweli kabisa. Kwenye daftari la alama la mwalimu wa darasa, kistari hicho hicho maana yake mtoto hakufanya mtihani. Alama ile ile, kalamu ile ile, pengine mwalimu yule yule, maana mbili. Kompyuta haiwezi kukwambia ipi ni ipi. Mwalimu anaweza.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua mfano wa wanafunzi kumi. Saba wana 40, 55, 62, 38, 71, 50 na 45. Mmoja amepata 0, yaani alikaa, akaandika, akakosa yote. Wawili wana vistari. Jumla ya alama ni 361 na haibadiliki. Ukiacha vistari kama vilivyo, waliofanya ni 8, wastani ni 45.1. Ukigeuza vistari kuwa sifuri, unagawa kwa 10, wastani ni 36.1. Ukiamua kwamba sifuri nayo ni uchafu ukaifuta pamoja na vistari (wapo wanaofanya hivyo, nawajua), unagawa kwa 7, wastani ni 51.6.

Darasa moja, siku moja, mtihani mmoja, wastani tatu. Kwa madaraja ya kidato cha nne, 45 mpaka 64 ni C na 30 mpaka 44 ni D. Kwa hiyo darasa hilo ni la C au la D kutegemea kidole chako kimebonyeza nini. Excel yenyewe ina AVERAGE ambayo inaruka maneno, na ina AVERAGEA ambayo inahesabu maneno kama sifuri. Herufi moja ya ziada mwishoni, darasa zima linashuka daraja.

Sasa niwape la kwetu. Mwaka jana kundi letu la semina, watu watano, tulipewa kazi ya kuangalia kama umbali kutoka nyumbani mpaka shuleni unahusiana na ufaulu. Mwenzetu mmoja alileta alama za kidato cha pili kutoka shule aliyofanyia TP. Wanafunzi 42, vistari saba. Programu ikagoma kufanya hesabu kwa sababu safu ilikuwa na maneno. Pendekezo likaja haraka sana: weka sifuri, tuendelee, kesho tunawasilisha.

Mimi nilikataa. Nikauliza, hawa saba ni akina nani? Hakuna aliyejua. Nikaomba namba ya mwalimu wa darasa, nikampigia pale pale.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, habari za masomo?"

Tukasalimiana, nikamweleza, nikamtajia majina. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima anayeulizwa jambo la wazi. Akasema hao wote ni wa ng'ambo ya mto. Siku ya mtihani ilikuwa masika, mvua ilinyesha usiku kucha, mto ukajaa, watoto hawakuvuka. Darasa lake lina watoto tisa wa ng'ambo. Saba walikwama. Wawili walifanya kwa sababu siku hiyo walikuwa wamelala kwa ndugu zao upande wa shule. Nikaangalia kwenye shiti wale wawili wana ngapi. Mmoja 58, mwingine 64.

Elewa maana yake hapo. Swali letu lilikuwa umbali na ufaulu. Jibu lote lilikuwa ndani ya vile vistari saba! Ukiweka sifuri, watoto wa mbali wanaonekana mbumbumbu, saba wamepata sifuri. Ukivifuta, watoto wa mbali wanapotea kwenye hesabu na unatangaza kwamba umbali hauna neno. Yote mawili ni uongo. Ukweli ni kwamba mtoto wa ng'ambo akipata pa kulala upande huu anafaulu vizuri tu, ila mto ukijaa hafiki hata kwenye dawati. Hilo linahitaji daraja, au bweni, au mtihani wa marudio. Halihusiani na akili ya mtoto.

Nikaliambia kundi. Tukapiga kura. Nne kwa moja, sifuri zikapita. Muda hakuna, wakasema. Ripoti ikawasilishwa, jedwali likasifiwa kwa kuwa halina mapengo, tukapata alama nzuri. Na pendekezo la mwisho la ripoti, ninalikumbuka mpaka leo, lilisema wanafunzi wanaotoka mbali wana uwezo mdogo na wapewe masomo ya ziada jioni. JIONI! Watoto wanaotakiwa kuvuka mto!

Hapo ndipo ninapokasirikia. Vistari havimwagiki ovyo ovyo kwenye daftari kama mvua. Vina watu wake. Vinamwangukia anayetoka mbali, anayeuguza mama, anayebakizwa nyumbani msimu wa kupanda, binti asiye na cha kujisitiri siku zake. Ukifuta vistari umefuta watu wa aina moja. Darasa linalobaki kwenye shiti yako ni la watoto ambao mambo yao yalikuwa sawa tangu mwanzo. Halafu tunashangaa sera zinatungwa kwa ajili ya watoto ambao hatuwaoni mtaani.

Msije mkasema haya ni mambo ya Bongo tu. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi. Wanasiasa wakaishika kuhalalisha kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi, jamani MWANAFUNZI, Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alikuwa akifanya zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala hiyo, zikagoma kufika kwenye jibu lile. Akapata shiti yenyewe ya Excel. Fomula ya wastani ilikuwa imeacha nje mistari mitano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pamoja na mambo mengine ya data ipi iingie na kila nchi ihesabiwe kwa uzito gani, yeye na maprofesa wake walionyesha kwamba ule wastani wa ukuaji kwa nchi zenye madeni makubwa, uliotajwa kuwa hasi 0.1, ulipaswa kuwa 2.2 kwa mia. Waandishi walikubali kosa la kwenye Excel, ingawa hitimisho lao waliendelea kulitetea.

Wanasayansi wa vinasaba nao walionja. Kuna vinasaba vilivyoitwa SEPT1 na MARCH1, na Excel ikiona hivyo inageuza kuwa tarehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za vinasaba za Excel zina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya vinasaba ikatangaza kubadilisha majina yenyewe, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Kinasaba kimebadilishwa jina kwa sababu ya Excel! Na wewe alama ya 3/4 kwenye jaribio lako, tatu kati ya nne, kaangalie kama haijawa tarehe.

Najua majibu yenu. La kwanza, "muda hakuna". Simu yangu kwa yule mwalimu haikufika dakika sita. Muda tunao wa kubishana mpira mpaka saa nane.

La pili, "SPSS haikubali vistari". Ni kweli, na ndio maana imekuwekea sehemu ya kutamka thamani zinazokosekana. Unaweka namba isiyowezekana, tuseme -99, halafu unaiambia programu kwamba -99 maana yake haipo. Lakini UIAMBIE. Wapo wanaoweka 999 wakasahau kutamka, ndio unakuta darasa lina wastani wa 130 kwa mtihani wa alama mia.

La tatu, "kijana wa steshenari ndiye anayenifanyia". Hapa ndio mnaniudhi zaidi. Yule kijana simlaumu, anatafuta riziki, na kasi yake kwenye kibodi hakuna wa kuifikia. Lakini yeye hakwenda kwenye shule ile, haujui ule mto. Umempa faili na bumu lako akakuletea jedwali lisilo na pengo. Umelipia mapengo yazibwe.

La nne, "msimamizi hapendi kuona mapengo". Basi tuwaulize wasimamizi wetu kwa heshima zote: mnatufundisha utafiti au mnatufundisha kupamba? Jedwali lenye mapengo yaliyoelezwa lipewe alama zaidi ya jedwali kamili lisilo na maelezo. Siku mkianza kuuliza "hii sifuri ni sifuri ya kweli?" kwenye utetezi wa tasnifu, ugonjwa huu utaisha muhula mmoja.

Nisiishie kulalamika. Ninachofanya mimi ni hiki, na hakihitaji digrii ya kompyuta:

1. Faili ghafi haliguswi. Nalinakili, nakala ndiyo nafanyia kazi. Kila fomula inakaa safu ya pembeni ili cha asili kionekane.

2. Nahesabu kwa COUNT (namba tu) na COUNTA (kila kisanduku chenye kitu). Tofauti ya hizo mbili ndiyo idadi ya visanduku vyenye kitu kisicho namba. Nikipata 35 na 42 najua kuna saba wa kutafuta.

3. Nawasha chujio na kuorodhesha kila alama iliyopo kwenye safu. Zinakuwa chache, tano au sita. Kwa kila moja namuuliza aliyeiandika. Simkisii.

4. Uchafu mtupu nafuta. Vipimo nageuza. Ujumbe naupa safu yake: safu ya alama inabaki tupu, safu ya pili inasema kwa nini. "Hakufanya, mto." "Hakufanya, mgonjwa." "Alihama." Hizo ni data, tena data tamu.

5. Kwenye Sura ya Tatu naandika sentensi mbili: nilikuta alama gani, nilizifanya nini, ngapi. Msomaji ahukumu mwenyewe.

Basi. Nusu saa ya kazi.

Na tukumbuke sisi ni nani. Hatusomei uhasibu wala kompyuta, tunasomea ualimu. Miaka miwili ijayo wengi wetu tutakuwa upande wa pili wa shiti hii, tunashika kalamu mbele ya daftari la alama, tunafika kwenye jina la mtoto ambaye hakuja, tunaweka kistari na kutumaini kwamba huko juu kuna mtu atauliza. Mtu wa huko juu atakuwa amefundishwa vyuoni, kwenye vimbweta kama hivi. Kama sisi wenyewe tumezoea kufuta, tutamlaumu nani?

Kwa hiyo mwenye data mkononi leo, kabla ya Ctrl+H, jibu swali moja tu: hii alama imesema nini? Ukiwa na jibu, fanya unavyotaka. Ukiwa huna, toa mkono kwenye kibodi, chukua simu.

Naomba kuwasilisha. Matusi na maoni yote ruksa, ila wale wanne wa kundi langu mje na hoja, msije na kura.